Katiba Ikivunjwa, Nani Anashtaki?

(Mhadhara kwa wananchi, Kigoma Mjini)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Mwanga, Ujiji na Kibirizi, nanyi mliotoka Kasulu na Uvinza, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie Katiba, na najua neno hilo huwafanya watu waangalie saa. Sitawasomea ibara zote 152. Nina swali moja tu: Serikali ikivunja Katiba, nani anaishtaki, na anakwenda mahakamani ameshika nini mkononi?

Ibara ya 26 inasema kila mtu ana wajibu wa kuitii Katiba, na huyo "kila mtu" ni pamoja na yule mwenye bendera kwenye gari. Kisha inasema kila mtu ana haki ya kuchukua hatua za kisheria ili Katiba ilindwe. Ibara ya 30 inamwelekeza aliyevunjiwa haki zake aende Mahakama Kuu. Haki zenyewe ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini Serikali ikajipa muda wa kujiweka sawa, na hadi Machi 1988 hukuweza kuzidai mahakamani. Hata baada ya hapo, ukitaka kuifungulia Serikali kesi ya madai ulihitaji kibali cha Serikali hiyohiyo. (Kicheko.) Mnacheka, lakini ndiyo ilikuwa sheria. Mahakama ya Rufani iliitupa mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun.

Mwaka huohuo Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu, Dodoma, akidai pamoja na mengine kwamba Mtanzania agombee bila kulazimishwa kuwa na chama. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akampa haki. Kabla mwaka haujaisha, Bunge lilikuwa limeshapitisha marekebisho ya Katiba kumfungia mlango mgombea binafsi. Mtikila akarudi mahakamani, na mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakamkubalia tena. Mwaka 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakasema hilo ni la Bunge. Akaenda Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2013 akashinda. Alifariki mwaka 2015 na mlango bado umefungwa. Mwaka 2019 Serikali ikaondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kwenda wenyewe kwenye mahakama hiyo.

Wapo wanaosikia kisa hiki wakasema kesi ni kupoteza nauli. Mimi sikubaliani nao. Mtu mmoja aliilazimisha Serikali ifanye hadharani, bungeni, kwa kumbukumbu rasmi za Bunge, yaani Hansard, jambo ambalo ingependa lipite kimya. Wa kuulizwa baada ya hapo ni mbunge, na mbunge huja hapahapa kuomba kura. Sisi tukamuuliza habari za barabara tu.

Mwaka 2020 mlango ukabanwa zaidi. Sheria ya kudai haki za msingi ilirekebishwa ikamtaka mlalamikaji aape kwamba yeye binafsi ameguswa na jambo analolalamikia. Shabaha, kwa maoni yangu, ilikuwa asasi na mawakili wa Dar es Salaam waliokuwa wakifungua mashauri kwa niaba ya umma. Marekebisho hayo nayo yalipingwa mahakamani. Vyovyote iwavyo, mlalamikaji mwenye nguvu kuliko wote ni yule yaliyomkuta. Ni mvuvi wa Kibirizi aliyechomewa nyavu bila karatasi yoyote. Ni mama wa Uvinza ambaye shamba lake limepitiwa na mradi wala hajalipwa fidia, ilhali Ibara ya 24 inasema fidia inayostahili.

Chukueni hili la kuwekwa ndani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48. Sehemu hiyo wote tunaijua, maana hutangazwa kwa kipaza sauti. Isiyotangazwa ni inayofuata: lazima awe na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo atahatarisha amani, sababu hizo aziandike, nakala iende kwa hakimu, na saa 48 zikiisha mtu apelekwe mahakamani au aachiwe. Kuchelewa kikaoni si kuhatarisha amani. Kumuuliza mkubwa swali gumu mkutanoni nako si kuhatarisha amani hata kidogo. Na sheria hiyohiyo inasema anayetumia vibaya uwezo huo anaweza kushtakiwa yeye.

Basi ndugu yako akichukuliwa, usiishie kulia nje ya kituo na kutafuta mtu wa kumpigia simu mkubwa. Andika saa aliyochukuliwa, nani alimchukua, kwa amri ya nani. Nenda kwa hakimu uulize kama nakala ya sababu imefika. Ikiwa haijafika, hapo una shauri. Zamani mtu wa Kigoma alipanda treni hadi Tabora kuifuata Mahakama Kuu; leo masjala yake iko hapa mjini.

Na barua zenu, jamani! Watu wanapeleka malalamiko halmashauri, wanarudi mikono mitupu, mwaka ukipita wanaambiwa hayakupokelewa. Peleka nakala mbili. Moja ibaki kwao, ya pili ipigwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Wakikataa kupiga mhuri, waombe wasaini kwenye dispachi, lile daftari la kukabidhi barua. Na ukiomba taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa siku 30 za kukujibu. Mwaka huo Manispaa yetu ya Kigoma Ujiji ilichaguliwa miongoni mwa serikali za mitaa chache duniani zilizoingia kwenye mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa Serikali kwa uwazi. Mwaka uliofuata nchi ikajitoa. Mpango uliondoka, sheria ipo.

Asiye na fedha za wakili apeleke malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambako halipi kitu. Barua za mfano ziko mezani pale mlangoni, mojamoja kwa kila mtu. Sasa maswali, tuanze na kina mama wa upande huu.