Lebo `1` iliyonikesha usiku kucha

Zuhura: Karibuni tena. Baraka, mbona macho mekundu?

Baraka: Nimekesha, dada. Makro mbili fupi tu, na asembla, ile programu inayogeuza msimbo wa asembli kuwa lugha ya mashine, haikulalamika hata kidogo.

Zuhura: Tuanze na kosa lile linalolalamikiwa. Mtu anaandika makro, yaani kipande cha msimbo chenye jina, ndani anaweka lebo `mwisho:`, jina la mahali pa kurukia. Akiiita mara moja, safi. Akiiita tena...

Baraka: Anaambiwa lebo hiyo ipo tayari. Makro si funksheni. Asembla inachukua maandishi yako na kuyabandika pale ulipoiita, basi. Ukiita mara 2, `mwisho:` ziko 2 ndani ya faili moja.

Zuhura: Hapo wengi hukimbilia lebo za namba, maana hizo zinaruhusiwa kurudiwa. Unaweka `1:`, halafu `jz 1f` (ruka ikiwa sifuri) kwenda mbele, `1b` kurudi nyuma.

Baraka: Ndiyo niliyofanya! Makro ya nje ina `jz 1f`, inafuata kazi, kisha `1:` mwishoni. Sasa ile kazi nayo ni makro, na ndani yake ina `1:` yake. Na `1f` ni 1 ya kwanza utakayoikuta mbele.

Zuhura: Lo! Kwa hiyo inatua kwenye ile ya ndani.

Baraka: Katikati ya kazi niliyotaka kuiruka. Kosa hakuna, onyo hakuna. Programu inafanya kazi vizuri, ila rejista, kile kihifadhi namba cha ndani ya prosesa, ikiwa sifuri, inatekeleza nusu ya kile isichopaswa kukigusa. Nililazimika kuifumua programu nzima na kufuata mruko mmoja mmoja.

Zuhura: Heri lebo iliyorudiwa, hiyo angalau inapiga kelele. Umetibu vipi?

Baraka: Asembla ya GNU ina `\@`, hesabu ya makro zilizokwisha kutekelezwa. Naandika `.Lmwisho\@`, mwito mmoja unatoa `.Lmwisho7`, mwingine `.Lmwisho9`. Makro ya ndani inapata namba yake, haigusi ya nje. Na `.L` ya mwanzo inaizuia lebo isijazane kwenye jedwali la alama, ile orodha ya majina ndani ya faili inayotoka.

Zuhura: Ila usibandike tarakimu nyuma yake. Ukiwa na `.Lx\@` na `.Lx\@1`, basi hesabu ikifika 11 ile ya kwanza ni `.Lx11`. Na ya pili, hesabu ilipokuwa 1?

Baraka: `.Lx11` vilevile. Haki ya Mungu, hilo sikuwahi kuliwaza.

Zuhura: Weka kistari cha chini katikati, umemaliza. Mimi natumia NASM, asembla nyingine, kwetu ni `%%mwisho`. Inatoka ikiwa na `..@` na namba mbele ya jina, na alama hizo si pambo. NASM huifungia lebo ya nukta moja, tuseme `.kitanzi`, kwenye lebo kuu, isiyo na nukta, iliyotangulia. Ukizalisha lebo ya kawaida ndani ya makro, `.kitanzi` ya chini yake inabadilishiwa mzazi. `%%` haiingilii ukoo huo.

Baraka: Wa MASM, asembla ya Microsoft, wana `LOCAL`, mstari wa kwanza ndani ya makro. Zinatoka `??0000`, `??0001`, na kuendelea.

Zuhura: Na anayechomeka asembli ndani ya C kwa kompaila ya GCC atumie `%=`, inayotoa namba ya kipekee. Kompaila ina ruhusa ya kuinakili funksheni yako sehemu kadhaa. Wewe umeandika lebo mara moja, asembla inaiona mara 3.

Baraka: Kwa hiyo namba tuzitupe?

Zuhura: Hapana, mimi bado nazitumia, mradi makro iwe fupi na isipokee msimbo wa mtu mwingine katikati. Ila anzia 2. Kwa sintaksia ya Intel, yaani mtindo wa Intel wa kuandika asembli, asembla ya LLVM inaweza kuisoma `1b` kama namba ya mfumo wa jozi, ikasahau kuwa ni lebo.

Baraka: Zangu zote zinaanzia 1.

Zuhura: Zote?

Baraka: Zote, dada. Leo tena silali.