Samawati ya Nambari Ngapi?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kunisikiliza nikisema habari za anga.

Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu. Samawati je? Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni ya mbingu. Basi nikikwambia leo mbingu ni samawati, nimekwambia tu kwamba mbingu ina rangi ya mbingu. Hukupata kitu.

Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva na mpenda milima, alitaka jibu zaidi ya hilo. Mwaka 1789 alikuwa na duara la karatasi lenye vipande 53, kuanzia cheupe, buluu ikizidi kukolea mpaka cheusi. Unaliinua, unatafuta kipande kinachofanana na anga, unasoma nambari. Alexander von Humboldt, mwanasayansi msafiri wa Ujerumani, alibeba duara la namna hiyo hadi mlima Chimborazo, kule Ekuado, mwaka 1802, akasoma 46. Kule hewa iliyobaki juu ya kichwa ni chache, ndiyo maana anga hukolea.

Sisi wa Entebbe tumejitengenezea letu kwa rangi ya maji na brashi ya shule. Karatasi tatu ziliharibika, kwa sababu rangi mbichi hudanganya: ikikauka hupauka. Katikati tumetoboa tundu la kuchungulia. Lipe jua mgongo, lakini kadi usiitie kivulini.

Januari moja, moshi wa mashamba yaliyochomwa ukiwa umetanda, mimi nilisoma 9, binti wa darasa la tano akasoma 14. Nikamwambia atazame vizuri. Akanijibu, “Mwalimu, wewe unatazama ziwani.” Kweli! Karibu na upeo wa macho mwanga hupita kwenye hewa nyingi zaidi, na anga huwa jeupe. Yeye alikuwa ametazama utosini. Moshi nao hupausha: hewa safi hutawanya buluu kuliko nyekundu, ila chembe kubwa hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Tangu siku hiyo kila nambari tunaiandikia na upande uliotazamwa.

Wenzetu wa Gulu na Fort Portal, humuhumu Uganda, tumewapelekea kadi zilizopakwa kutoka bakuli lilelile. Picha hatutaki, kwani simu hurekebisha rangi bila kuombwa. Wanatuma nambari tu, nasi tunapaka kipande kimoja cha kitambaa kwa kila siku. Kile pale ukutani ni kitambaa cha siku zote za Machi.

Naona mvua imekatika. Kadi ziko mezani karibu na mlango. Chukueni moja kwa watu wawili, kila mtu apate wa kubishana naye.