Jembe Lagota Wapi? Tabaka Gumu na Mizizi ya Mbaazi

ACHIENG: Karibuni tena, tuko Nairobi. Leo mbolea tunaiweka kando, tuzungumzie tabaka gumu linalojificha ndani ya udongo wa shamba. Mvua kubwa imenyesha, na siku ya tano mahindi yamenyauka. Mutua, maji yalikwenda wapi?

MUTUA: Mara nyingi yalitiririka, dada. Chimba shimo la sentimita 40 kando ya mahindi, kisha dunga ukuta wake kwa kisu kutoka juu kwenda chini. Kwenye shamba la jembe, kisu hukwama kati ya sentimita 10 na 20. Jembe linapiga kina kilekile kila msimu, na udongo wa chini yake unashindiliwa kuwa tabaka gumu. Plau ya diski huliweka tabaka hilo chini zaidi, sentimita 20 hadi 25, hasa gurudumu la trekta linapopita ndani ya mfereji.

ACHIENG: Na mzizi ukifika hapo?

MUTUA: Hukunja kona, ukatambaa kando. Ng'oa mmea mmoja wa mahindi utaona.

ACHIENG: Anayetaka kupima kwa namba udongo ulivyoshindiliwa je?

MUTUA: Apigilie bomba fupi la chuma analojua ujazo wake, akate udongo sawasawa pande zote mbili, aukaushe kwa nyuzi 105 saa 24, kisha agawanye gramu kwa sentimita za ujazo. Udongo wa mfinyanzi ukifika karibu gramu 1.4 kwa kila sentimita ya ujazo, mizizi inaanza kutaabika. Kichanga huvumilia hadi karibu 1.7.

ACHIENG: Basi tupasue kwa ripa, ile plau ya meno.

MUTUA: Ndiyo, lakini kabla ya mvua, udongo ukiwa mkavu ndipo unapovunjika. Chukua udongo wa kina cha tabaka lenyewe, usokote kiganjani. Ukitoa kamba nyembamba kama penseli, ahirisha. Ukiwa na maji hivyo, ripa inakata mfereji laini tu na kuzisiliba kuta zake. Na pitisha meno sentimita 5 hivi chini ya tabaka. Kwenda chini zaidi ni kuchoma dizeli bure.

ACHIENG: Hapo ndipo ninaposisitiza zao. Bila mizizi, ule ufa unajifunga tena. Mbaazi za muda mrefu, zile za Machakos na Makueni zinazopandwa kati ya mahindi, zina mzizi mkuu unaoshuka chini sana. Ukivuna, kata shina usawa wa ardhi, usiling'oe. Mzizi unaooza unaacha tundu, na maji ya msimu unaofuata hupita humo humo.

MUTUA: Viazi ni kinyume. Unapiga matuta, unapalilia, halafu unafukua shamba zima. Chembe za udongo zilizoshikamana zinavunjikavunjika. Baada ya viazi, nyasi kama boma rodesi ni dawa nzuri, kwa sababu vijizizi vyake vingi vinazikamata tena.

ACHIENG: Na wanaopanda bila kulima kabisa, huku mabua yote yamepelekwa kwa ng'ombe?

MUTUA: Hilo linaniuma. Udongo ulio uchi unapigwa na matone, unafanya ganda juu, na huenda maji yakaingia kidogo kuliko kwenye shamba lililolimwa. Kutolima bila matandazo ni nusu ya kazi, na ni ile nusu mbaya. Tandaza kamba ya mita 10 yenye fundo kila sentimita 10, uhesabu mafundo yaliyogusa mabaki ya mazao. Yasipungue 30 kati ya 100.

ACHIENG: Udongo mweusi wa pamba, kule Athi River?

MUTUA: Huo hujipasua wenyewe ukikauka. Shida yake ni maji kutuama, kwa hiyo inua matuta.

ACHIENG: Kipimo cha mwisho, cha bei rahisi, cha kuona maji yanavyoingia ardhini.

MUTUA: Bomba la kipenyo cha sentimita 15. Lipigilie sentimita 8 ardhini, mimina mililita 440 za maji, sawa na milimita 25 za mvua, uhesabu dakika hadi yaishe. Kisha rudia palepale.

ACHIENG: Mara mbili kwa nini?

MUTUA: Mara ya kwanza udongo mkavu unanyonya kwa kiu. Andika muda wa mara ya pili, na ulinganishe na ukingo wa shamba pasipopita jembe.