Mtoto Amepimwa, Hana VVU: Je, Tumwache?

Haya wanafunzi wangu, shikeni kalamu. Kisa hiki nimekitunga mwenyewe, ila dalili zake si za kutunga. Mvulana wa miaka miwili kutoka Masaka. Hadi miezi sita alikuwa buheri wa afya. Tangu hapo ni nimonia, masikio kutoka usaha, kisha nimonia tena. Kipimo cha haraka kinasema hana VVU. Wengi wetu hapa Uganda tukifika hapo tunaandika antibiotiki, mama anarudi nyumbani.

Kwa nini miezi sita? Naam, dada kule nyuma: kingamwili za mama. Zilivuka kondo la nyuma, zikamlinda, zikaisha. Zake mwenyewe hazikuja. Mfungueni kinywa mtazame kooni. Tonsili hazionekani, kwa sababu hujazwa na limfosaiti B, chembe nyeupe zinazozaa kingamwili, na huyu hana. Daktari Bruton alieleza ugonjwa huu wa kuzaliwa bila kingamwili Marekani mwaka 1952. Jeni yake ilijulikana 1993. Iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo muulizeni mama kama ana kaka waliofariki wangali wadogo. Wajomba wa mtoto, jamani, si baba zake wadogo!

Sasa rudini kwenye kile kipimo. Kinatafuta nini? Kingamwili! Mtoto asiyeweza kuzitengeneza atatoka hana VVU hata akiwa navyo. Mpimeni kwa PCR, virusi vyenyewe vitafutwe. Hapa ndipo ninapotaka mkae kidogo, maana kila kipimo cha aina hiyo kitamdanganya daktari wa mtoto huyu.

Mdudu naye hutoa ushahidi. Nimokokasi, bakteria wa nimonia, ana ganda, na bila kingamwili chembe nyeupe humkamata kwa taabu. Mtoto wa selimundu huuguzwa na mdudu huyohuyo kwa sababu wengu wake umeharibika. Huo nao ni upungufu wa kinga, nasi tunaupita wodini kila siku bila kuuita hivyo.

Kisa cha pili, kwa ufupi. Mtoto wa miezi mitatu: utando mweupe mdomoni hauishi, anahara, haongezeki uzito, kwapa la upande aliochanjwa BCG, chanjo hai ya kifua kikuu, limevimba. Limfosaiti zikiwa chini ya 3,000 kwa mikrolita, shtukeni: huenda amezaliwa na upungufu mkali wa kinga (SCID). Msimpe chanjo hai nyingine, na akihitaji damu, iwe imepigwa mionzi, la sivyo limfosaiti za mtoaji zitamshambulia. Hesabu hiyo mara nyingi imo tayari kwenye faili; sisi tumesoma himoglobini tu, tukafunga.

Ndiyo, kaka, uliza.