Kuotesha vipandikizi vya krisanthemamu chini ya taa: rangi ipi?

Karibuni, watazamaji. Leo tunaotesha vipandikizi, yaani vipande vya shina visivyo na mizizi bado, vya ua la krisanthemamu ndani ya nyumba, na kabla hujauliza taa ina wati ngapi, uliza ina rangi gani.

Hapa mezani nina trei ya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyochanganywa na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba), wembe safi, unga wa homoni ya mizizi, nailoni angavu ya kufunikia, na taa mbili: hii ya zambarau yenye vijitaa vyekundu na vya bluu, na balbu ya LED ya kawaida. Ukiwa na balbu tu, usiondoke, inatosha.

Tukate. Chagua ncha changa isiyo na tumba la ua, sentimita 5 hadi 7, ukate chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea kwenye shina. Nasogeza kamera... mnaona kidonda kilivyo laini? Kisu butu kinaponda, na palipopondwa ndipo panapooza. Toa majani ya chini, chovya kwenye unga, kung'uta. Toboa shimo kwa kijiti kwanza, la sivyo unga wote unabaki juu. Chomeka sentimita 2, mwagilia, funika.

Sasa taa. Kipandikizi hakina mizizi, kwa hiyo maji yakitoka majani hayarudi upesi. Mwanga wa bluu hufungua stomata, vile vitundu vidogo vya jani, na jani hupoteza maji. Nyekundu husaidia mimea mingi ya mapambo kutoa mizizi, ila ukiipa nyekundu tupu utapata miche mirefu yenye shingo nyembamba. Bluu ndiyo huifanya ifupike na kunenepa. Basi changanya, nyekundu itangulie: kwenye taa ya zambarau hesabu vijitaa, vyekundu vitatu au vinne kwa kila kimoja cha bluu. Kwenye balbu soma boksi, tafuta namba yenye K (kelvini), kipimo cha rangi ya mwanga. Ya 3000K ina nyekundu zaidi, ya 6500K imeegemea bluu. Anza na ya 3000K. Itundike sentimita 30 hadi 40 juu ya trei, iwake kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Majirani watauliza kuna nini dirishani kwako. Waambie ni maua.

Kuna rangi nyingine, nyekundu ya mbali, ambayo jicho letu haliioni vizuri lakini mmea unaijua sana. Majani hufyonza nyekundu ya kawaida na kuipitisha hii ya mbali. Ndiyo maana mche ulio chini ya mwembe hujiona umezibwa na wenzake, ukaanza kurefuka. Kama unaotesha nje, usitegemee kivuli cha mti. Tumia neti nyeusi, inayopunguza rangi zote karibu sawasawa.

Usiku nao una kazi yake. Krisanthemamu huchanua usiku ukiwa mrefu, na kwetu huku karibu na ikweta usiku una urefu wa kama saa 12 mwaka mzima. Kipandikizi kinaweza kuanza tumba wakati wewe unangoja mizizi. Nchini Kenya, mashamba yanayosafirisha vipandikizi kwenda Ulaya huwasha taa usiku juu ya mimea mama, ile inayokatwa vipandikizi, kwa sababu hiyohiyo. Wewe weka taima ili usiku mrefu ukatike vipande vifupi: iwake saa 4 usiku, izime saa 8 usiku. Mwanga hafifu unatosha, mradi una nyekundu. Mwaka 1952 watafiti wa kituo cha kilimo cha Beltsville, Marekani, walionyesha kwamba mbegu za saladi huota zikimulikwa nyekundu, na nyekundu ya mbali hulifuta agizo hilo. Rangi ya mwisho ndiyo inayosikilizwa. Krisanthemamu ina swichi hiyohiyo.

Ukikagua, zima kwanza taa ya zambarau. Chini yake jani la manjano na jani zima vinafanana. Tumia tochi nyeupe. Baada ya wiki moja chomoa kimoja: uvimbe mweupe kwenye kidonda ni dalili njema, kirudishe. Karibu wiki mbili, vuta kidogo. Kikikataa kutoka, mizizi imeshika.

Hapo fungua nailoni pole pole kwa siku chache, kisha badilisha balbu uweke ya 6500K, kwa sababu sasa mche unaweza kunywa na bluu itaujenga. Hamishia kwenye chungu. Taa ya usiku iendelee mpaka kichaka kifikie ukubwa unaoutaka. Siku ukitaka maua, izime, na hakikisha hata taa ya barazani haikifikii.