Fomu haijibiwi kama salamu

Shikamooni, wazee wangu. Nanyi mliowasindikiza baba na mama zenu, karibuni sana, maana makaratasi ya leo, ya kuomba posho za wazee za serikali ya Uingereza, mtayajaza nyinyi.

Nianzie jikoni kwa watu. Nilikwenda kumtazama bwana mmoja wa miaka 79 na mkewe, hapa hapa Uingereza, baada ya binti yao kuniambia kuwa wamezima hita tangu Novemba. Juu ya meza palikuwa na mfuko wa plastiki uliojaa barua, nusu yake hazijafunguliwa. Nikamwamkia mzee, nikamuuliza hali. Akanijibu, "Sijambo, mwanangu. Alhamdulillahi, najiweza." Kisha akainuka kunifungulia dirisha. Alishika meza kwa mikono miwili, akatulia, akashika mgongo wa kiti, halafu ukuta. Mkewe akamfuata nyuma bila kusema neno, mkono wake umekaa tayari karibu na kiwiko chake. Nilipomuuliza yeye, akasema kwa sauti ya chini: asubuhi ndiye anayemfunga vifungo vya shati kwa sababu vidole havishiki tena, na usiku huamka naye mara tatu kumpeleka msalani. Miaka minne sasa.

Ndugu zangu, sisi ukituuliza "Hujambo?" tunajibu "Sijambo" hata tukiwa na homa. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na siitaki ipotee. Lakini fomu ya serikali haikuamkii. Inauliza unashindwa nini, na ukiandika "najiweza" wao watakuamini.

Fomu ninayoisema ni ya Attendance Allowance, posho ya mtu aliyefika umri wa pensheni anayehitaji kusaidiwa kwa sababu ya maradhi au ulemavu. Haiangalii kipato wala akiba. Wanaangalia kama unahitaji msaada wa mwili mara kwa mara, kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani, au mtu wa kukuangalia usije ukajidhuru, na kama hali hiyo imefika miezi 6. Mgonjwa anayedhaniwa amebakiwa na miezi 12 au chini yake hasubirishwi hiyo miezi 6. Ukihitaji msaada mchana au usiku, ni paundi 73.90 kwa wiki. Ukihitaji mchana na usiku pia, ni paundi 110.40. Hivyo vilikuwa viwango vya mwaka ulioanza Aprili 2025, na hubadilika kila Aprili. Na si lazima uwe na mtu anayekusaidia. Kinachopimwa ni haja yenyewe, hata kama unaoga peke yako kwa tabu ya saa nzima, au umeacha kuoga kila siku kwa kuogopa kuanguka. Andikeni hayo. Andikeni siku mbaya ilivyo, na mara ngapi kwa wiki.

Sasa la pili, Pension Credit, nyongeza ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo. Hii ndiyo inayoangalia kipato. Serikali imeweka kiwango, na mwaka huo ulioanza Aprili 2025 kwa mume na mke kilikuwa paundi 346.60 kwa wiki, kwa anayeishi peke yake paundi 227.10. Mapato yenu yakiwa chini ya hapo, wanajazia pengo. Tuchukue mfano kwa viwango vya mwaka huo, nitauandika ubaoni. Pensheni ya serikali ya bwana ni 190, ya bibi 88, na bwana ana pensheni ndogo ya kazini, 30. Jumla 308. Akiba yao ni paundi 12,000. Elfu 10 za mwanzo hazihesabiwi, na kila 500 inayozidi huhesabiwa kama paundi 1 ya mapato kwa wiki. Kwa hiyo tunaongeza 4, tunapata 312. Pengo ni paundi 34.60 kila wiki.

Lakini msiishie hapo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoacha haki yao. Mzee akishapata ile Attendance Allowance, haihesabiwi kama mapato. Tena mkewe, kama anamhudumia saa 35 au zaidi kwa wiki, aombe Carer's Allowance, posho ya anayemhudumia mgonjwa. Atajibiwa kwamba hatalipwa, kwa kuwa pensheni yake ya 88 inaizidi posho hiyo, iliyokuwa 83.30 mwaka huo. Wengi wakiisoma barua hiyo huitupa. Msiitupe! Inathibitisha kwamba ana haki hiyo, na kwa sababu yake kiwango chenu cha Pension Credit kinapanda kwa paundi 46.40. Sasa kiwango ni 393, mapato yenu 312, mnajaziwa 81. Ongezeni 110.40 za mzee. Ni paundi 191.40 kila wiki kwa nyumba iliyokuwa imezima hita.

Na hata pengo likiwa paundi 2 tu, ombeni. Anayepata Pension Credit hufunguliwa milango mingine: kupunguziwa kodi ya kaunsili, yaani ya serikali ya mtaa, pengine yote, kusaidiwa kodi ya nyumba, leseni ya televisheni bure kuanzia miaka 75, na malipo ya baridi kali. Mkiomba, mnaweza kurudishiwa hadi miezi 3 ya nyuma mliyostahili. Haizidi hapo, kwa hiyo kila mwezi unaosubiri baada ya hiyo mitatu umepotea.

Nimeombwa niseme wazi mambo ya kwetu. Haya. Nyumba mnayoishi haihesabiwi. Nyumba ya Mombasa au ya Unguja iliyo kwa jina lenu inahesabiwa kama mali na lazima itajwe. Kama anaishi humo ndugu wa karibu aliyezeeka au asiyejiweza, kuna kanuni inayoweza kuiacha nje, lakini itajeni. Pesa mliyoiweka kwa ajili ya hija nayo ni akiba. Na safari: ukitoka nje ya nchi zaidi ya wiki 4, Pension Credit husimama. Ukifiwa na mwenzako au ndugu wa karibu wanaweza kukuongezea, hadi wiki 8. Toeni taarifa kabla ya kupanda ndege. Nimeona wazee wakidaiwa mamia ya paundi kwa safari ya miezi mitatu ambayo hawakuificha kwa nia mbaya, hawakujua tu.

Kama viza yako imeandikwa kwamba huruhusiwi kutumia fedha za umma, au mwanao alitia saini ya kukudhamini na bado hujatimiza miaka 5, usijaze kitu kabla ya kuonana na mshauri wa uhamiaji. Na kama mmoja wenu hajafika umri wa pensheni, tangu Mei 2019 wanandoa wapya wa namna hiyo huelekezwa kwenye Universal Credit, posho ya wenye kipato kidogo wasiofika umri wa pensheni, ambayo ni hesabu nyingine kabisa.

Najua neno linalowauma ni kuomba. Baba mmoja aliniambia hajawahi kunyoosha mkono tangu azaliwe. Nilimheshimu, nikamwambia hii imo ndani ya sheria kama pensheni yake ilivyo, na jirani yake Mwingereza anaichukua bila kuinamisha kichwa.

Simu ya kuomba Pension Credit ni 0800 99 1234, haina malipo. Semeni "Swahili, interpreter" na mngoje, watawatafutia mkalimani. Msimtumie mjukuu wa miaka kumi kueleza habari za choo za babu yake. Mashirika ya ushauri ya Citizens Advice na Age UK nayo hupiga hesabu hizi bure. Fomu ya Attendance Allowance iombeni kwa simu. Mkiirudisha ndani ya wiki 6, malipo huhesabiwa tangu siku mliyopiga.

Yule bibi wa jikoni tulijaza naye kurasa zote kwa siku mbili. Tulipofika swali la usiku, mzee alianza tena, "Andika sijambo." Mkewe akamshika mkono akamwambia, "Baba Asha, leo niache niseme mimi."

Nipo kwenye meza ile ya nyuma mpaka magharibi. Njooni na barua zenu, hata ambazo hamjazifungua.