Jina la Ndege Kwenye Magari ya Mbio, na Uwanja Wetu wa Malindi

Asalaam aleikum watu wangu wa Malindi! Na wa Mambrui, na Watamu, na nyinyi wa Lamu mnaonitazama mkiwa mmekaa barazani, karibuni. Niko Manama, Bahrain, nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, sare ya hoteli bado iko mwilini, lakini sitaki kulala kabla sijawajibu.

Wiki jana niliwaonyesha picha ya tuktuk ya kaka yangu. Pale nyuma palipokuwa na "Mungu Hamtupi Mja Wake", sasa pana jina la duka la simu, herufi nyekundu zenye kivuli cha njano. Rangi ilikuwa bado mbichi, hata alama ya kidole cha fundi yaonekana kwenye herufi ya mwisho. Mwenye duka humlipa kidogo kila wiki, na kaka huzunguka nalo kutwa, sokoni, Barani, Maweni. Basi mkaniuliza: na hao wenye mashirika ya ndege, wanatafuta nini kwenye langalanga, yaani mbio za magari za Formula 1? Gari la mbio halibebi abiria hata mmoja.

Lenyewe halibebi, lakini laleta abiria.

Hapa Bahrain mashindano ya Formula 1 yalianza mwaka 2004, ya kwanza kabisa Mashariki ya Kati, akashinda Michael Schumacher. Jina lake rasmi ni Gulf Air Bahrain Grand Prix; Gulf Air ni shirika la ndege la hapa. Fikirini mtangazaji aliye Brazil au Japani: akitaja mashindano kwa jina kamili, ametaja ndege na ametaja nchi kwa pumzi moja. Abu Dhabi nao, walipoanza 2009, wakaweka Etihad. Singapore wakaweka Singapore Airlines mwaka 2014. Emirates walidhamini Formula 1 yenyewe kuanzia 2013 hadi 2022, na 2023 wakaingia Qatar Airways. Zamani magari yale yalijaa majina ya sigara, mpaka sheria zikayafuta.

Lakini sikilizeni hapa, maana ndipo penye siri. Gulf Air ni mali ya serikali ya Bahrain. Uwanja wa mbio wa Sakhir pia ni wa serikali, kupitia mfuko wake wa uwekezaji uitwao Mumtalakat. Na Aprili 2025 aliposhinda hapa Oscar Piastri wa timu ya McLaren, mmiliki mkubwa wa McLaren alikuwa Mumtalakat huyo huyo! Ni kama mtu mmoja awe na duka, awe na tuktuk, na barabara iwe yake. Shilingi ikitoka mfuko wa kushoto yaingia wa kulia, na katikati pana mgeni aliyenunua tiketi, akalala hotelini, akala.

Nayaona kwa macho yangu. Wiki ya mbio hatuna chumba hata kimoja. Masanduku yanapangwa mpaka mlangoni mwa lifti, na karibu kila moja lina ile karatasi ya uwanja wa ndege mkononi mwake. Usiku mmoja nikampokea mzee wa Kiitaliano, fulana nyekundu ya Ferrari, macho yamemwiva kwa safari. Akasoma jina langu kifuani, akauliza natoka wapi. Nikamwambia Malindi, nikamkaribisha kwa Kiitaliano nilichookota ufukweni tangu utotoni. Yule mzee aliweka pasipoti mezani, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Malindi! Malindi!" Alikuja kwetu miaka mingi, na mkewe. Nikamuuliza mbona hamji tena. Akasema mkewe miguu imechoka: kutua Mombasa, kisha kupanda gari, Mtwapa, Kilifi, Gede, hawezi tena. Kilomita mia na ushei tu, jamani, ndizo zilizotunyima mgeni aliyetupenda.

Nililia kidogo nyuma ya kaunta. Nawaambia kweli.

Maana Malindi na langalanga si wageni. Flavio Briatore, aliyeiongoza timu ya Benetton wakati Schumacher alipokuwa bingwa 1994 na 1995, kisha timu ya Renault wakati wa ubingwa wa Alonso 2005 na 2006, ndiye aliyeanzisha hoteli ya Lion in the Sun pale kwetu. Jina tunalo. Ndege ya moja kwa moja kutoka Ulaya ndiyo hatuna, na kila uchaguzi twaahidiwa kuwa uwanja wa ndege utapanuliwa.

Wengine mmeandika kwamba kaunti ingetafuta shirika la ndege lidhamini mashindano ya magari kwetu. Naipenda hamu yenu, ila kumbukeni Kingfisher, shirika la ndege la India. Mwenyewe, Vijay Mallya, alikuwa na timu ya langalanga ya Force India, jina linang'aa kwenye gari, na wafanyakazi wa ndege wakikaa miezi bila mshahara. Wakagoma, na Oktoba 2012 leseni ikasimamishwa. Magari ya timu yakaendelea kukimbia. Rubani na mhudumu wako nyumbani, hawana kodi.

Kwa hiyo mimi naomba njia ya ndege kwanza. Wenye mashamba kando ya uwanja walipwe haki yao kamili, lami irefushwe, ndege itue. Akija mgombea Maweni, muulizeni hilo mbele ya watu, mrekodi, mnitumie nilirushe hapa.

Kaka, na wewe fundi akirudi kusawazisha ile herufi ya mwisho, mwambie aiache. Naipenda na kidole chake.